Jina Ambalo Mama Mizani Hakulitoa

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa akipima uzito wa watoto katika zahanati ya mtaa, hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Watu wazima walimwita Mama Mizani. Watoto nao, walipokua, wakamwita hivyo hivyo, bila kujua kwamba wao wenyewe waliwahi kuning'inia mbele yake ndani ya kile kitambaa chenye matundu mawili ya miguu, wakilia kama wanaonewa na dunia nzima.

Hakuwa muuguzi wala hakuwa na cheti. Alianza kwa kujitolea siku moja ambayo karani wa zahanati alikuwa anaumwa jino, akashika kalamu, na kalamu hiyo hakuirudisha. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na mkono wake mwepesi. Lakini kilichomfanya apendwe zaidi ni kwamba alikuwa mtu mwenye kifua. Mwanamke aliyekuwa na mimba ambayo nyumbani hawajaijua alimweleza yeye. Aliyepigwa alimwonyesha yeye alama. Maneno yaliingia kwake na hayakutoka tena.

Mumewe, mtunza stoo mstaafu, mtu wa mizaha, alizoea kusema kwamba akitaka habari za mtaa huwauliza majirani, maana mkewe anazijua zote na hasemi hata moja.

"Nimeoa sanduku," alisema, "na ufunguo sikupewa."

Homa ile mpya ilianza kama zinavyoanza habari za mbali: redioni, katikati ya matangazo mengine. Kisha ikasikika mji wa jirani. Kisha siku moja watu wawili waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni wakamchukua dereva mmoja wa lori kituoni, na jioni ile mtaa mzima ulikuwa na kikohozi, wengine cha kweli na wengine cha hofu.

Idara ya afya ilitafuta watu wa kufuatilia waliokutana na wagonjwa. Walitaka watu wanaofahamika mitaani, si wageni. Muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke kijana aliyekuwa akimwita Mama Mizani "mama" kwa heshima ya umri, alilitoa jina lake bila hata kumwuliza.

"Mama, watu watakufungulia milango," alisema. "Sisi wengine watatufungia."

Walifundishwa siku mbili katika ukumbi uliowekwa viti mbali mbali. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mgonjwa akithibitika, anaulizwa amekaa na nani, wapi, kwa muda gani. Wale anaowataja wanapigiwa simu au wanafuatwa majumbani, wanaambiwa wamekuwa karibu na mtu mwenye ugonjwa, wakae ndani siku kumi na nne, na kila asubuhi wataulizwa hali. Basi. Ila mgonjwa hatajwi.

Mkufunzi, mwanamume mwembamba aliyekwisha kuifanya kazi hiyo katika homa nyingine, alisimama hapo muda mrefu kuliko popote.

"Mtaulizwa swali moja," alisema. "Nani kanitaja? Msijibu. Na msijaribu hata kukanusha. Ukisema si fulani, umeshaanza kuhesabu. Watakuletea majina moja moja, huyu je, yule je, mpaka ufike jina ambalo utalinyamazia. Hapo watakuwa wamempata."

Mama Mizani aliandika maneno hayo daftarini. Moyoni aliona hilo ndilo jepesi kuliko mengine yote. Kunyamaza alikuwa amekuzoea tangu zamani.

Wiki ya kwanza ilimfundisha mengi kuhusu watu aliodhani anawajua. Mmoja alimpa namba ya simu ambayo, alipoipiga, ilipokelewa kwenye banda la mbwa wa ulinzi. Mwanamke mmoja, ambaye sauti yake aliitambua tangu neno la kwanza, alimwambia kwamba mwenye nyumba hayupo na yeye ni mfanyakazi tu. Kuna mzee aliyemweka kwenye simu saa nzima, akimweleza habari za magoti yake na za watoto wasiompigia, na mwisho akamwomba asisahau kumpigia kesho. Kuna na yule fundi bomba aliyeulizwa amekutana na nani, akamtaja mama mkwe wake mara tatu.

"Amekaa na mimi sana," alisema fundi bomba. "Sana. Anastahili hizo siku kumi na nne zote, na mkiweza muongeze."

Lakini mzaha ulikuwa haba. Watu walianza kuvuka barabara walipomwona na ile fulana ya kazi ya rangi ya chungwa. Mwanamke aliyekuja kupima mtoto alimtazama mikono kabla ya kumkabidhi. Mlango mmoja, alipoubisha, ulijibiwa kwa ndoo ya maji iliyomwagwa dirishani. Kama alilengwa yeye au la, hakuuliza. Alifuta viatu akaenda nyumba iliyofuata.

Ndipo ikaja habari ya mashine.

Mashine ilikuwa ni ya kusaga nafaka, pekee mtaani, na mwenyewe aliitwa Mzee wa Mashine ingawa hakuwa mzee sana. Alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno, mwenye pumu ya tangu utotoni. Pembeni yake alifanya kazi mdogo wake, tumbo moja, ambaye kila mtu alimwita Unga kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiwa na rangi yake. Nyusi nyeupe, masikio meupe, hata alipocheka vumbi lilimtoka.

Unga alikuwa amekohoa siku tatu akisingizia pumba. Siku ya nne alimwambia kaka yake anakwenda mjini kufuata mota ya akiba, akapanda gari mpaka hospitali ambayo haimjui, akapimwa, na hakurudi. Walimbakiza katika jengo la kutengwa. Orodha ya mtaa wake ikaangukia kwa Mama Mizani, naye ndiye aliyempigia kumhoji.

"Mama Mizani," Unga alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "kumbe ni wewe. Afadhali."

"Pole, mwanangu. Niambie tu uliokaa nao karibu."

Unga akamtaja kaka yake, na shemeji yake, na mbeba magunia mmoja. Basi.

"Kaka hajui niko hapa," alisema. "Anajua nafuata mota; nitampigia niseme imechelewa. Nikimwambia nimeugua, atasema nimemwangushia mashine, nimemtia aibu mbele za watu. Lakini ana pumu, mama. Ugonjwa huu ukimpata yeye hautamwacha. Mwambieni akae ndani, apumzike na lile vumbi. Usimwambie ni mimi."

"Sitamwambia."

"Hata akikuuliza."

"Mwanangu, mimi unanijua."

Asubuhi ya siku iliyofuata alifika pale na fulana yake. Wanawake kama kumi na watano walikuwa kwenye foleni na madebe yao. Mashine ilikuwa ikinguruma, na Mzee wa Mashine aliizima mwenyewe alipomwona, maana alishaelewa. Alimsogeza pembeni, lakini masikio ya foleni ni marefu.

"Siku kumi na nne?" aliuliza. "Watu hawa wakasagie wapi?"

"Ipo ile ng'ambo ya reli."

"Ng'ambo ya reli ni mwendo wa saa nzima na debe kichwani." Alivuta pumzi kwa shida, akatoa kichupa chake cha dawa ya pumu akavuta mara mbili. "Nani kanitaja?"

"Siruhusiwi, kaka."

"Mimi sijakaa na mgonjwa yeyote. Mtu amenichoma tu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nitamjua."

Alifunga mlango wa mabati kwa kishindo. Wanawake wakabeba madebe yao, wengine wakisonya, na safari ya ng'ambo ya reli ikaanza.

Sasa, mbele ya mashine, hatua kumi tu, palikuwa na kibanda cha fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyehamia mtaani miaka minne nyuma na binti yake mmoja. Mume alikuwapo zamani, kisha hakuwapo. Zaidi ya hapo hakuwa akieleza. Alishona sare za shule, mapazia, na nguo za wanawake waliotaka kiuno kionekane na wale waliotaka kisionekane. Siku moja tu kabla ya mashine kufungwa, Mama Mizani alikuwa amepita kwake kumpimisha mjukuu wake sare. Walikaa, wakacheka. Fundi alisoma vipimo, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na utepe na pini, Mama Mizani ndiye aliyeviandika kwenye daftari: bega, kifua, urefu.

Foleni ya mashine iliona yote hayo.

"Jana walikuwa wameinamia daftari," alisema mmoja, debe likiwa kichwani.

"Mimi nilimwona Mama Mizani akiandika. Fundi anasema, yeye anaandika."

"Na walikuwa wanacheka."

Kabla hawajafika relini, jambo lilikuwa limekwisha kuwa kweli. Fundi cherehani alikuwa akikaa hapo mlangoni siku nzima, anaona nani anaingia, nani anakohoa. Fundi ndiye aliyemtaja Mzee wa Mashine. Tena mgeni, hana ndugu hapa, uchungu wa mtaa ataujulia wapi?

Siku ya pili wanawake wanne walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Siku ya tatu wakaja saba. Mmoja alichukua gauni lenye mkono mmoja, akasema mwingine ataweka mwenyewe. Binti wa fundi alirudi kutoka shuleni akieleza kwamba dawati lake sasa anakaa peke yake. Siku ya tano fundi alifungua kibanda akakuta kufuli limevunjwa. Hakuna kilichoibwa. Ila alipokanyaga cherehani ilisaga meno. Mtu alikuwa amemimina mchanga ndani, mpaka kwenye nyumba ya bobini, pale unapokaa uzi wa chini.

Alasiri hiyo alikwenda kwa Mama Mizani. Hakuingia ndani. Alisimama uani, barakoa imemkaa kidevuni, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya cherehani.

"Dada," alisema, "sikuja kukuuliza ni nani. Sitaki kujua. Sema tu si mimi."

Mama Mizani alikuwa anaanua nguo. Alibaki na shuka mkononi.

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Sikai. Neno moja tu. Simama pale kwenye njia ya relini asubuhi, uwaambie, si fundi. Watakuamini. Wewe wanakuamini."

"Nikisema si wewe, wataniuliza wa pili."

"Basi wa pili usiseme."

"Na nikisema kwako nikanyamaza kwa wa pili?" Sauti yake ilishuka. "Hapo mashine wako watu wangapi? Wataanza kuhesabu. Kwa jina la pili au la tatu watakuwa wamefika."

Fundi alirudi nyuma hatua moja. "Kwa hiyo huyo mwingine umemfungia kifua," alisema, "na mimi nimebaki nje."

Mama Mizani aliikunja shuka. Alimwambia pole. Fundi akaivuta barakoa yake juu, akaondoka.

Mumewe alikuwa amesikia yote kutoka dirishani. Siku hiyo hakutania.

"Mimi ningesema," alisema.

"Ndiyo maana hawakukuchagua wewe."

"Ni kweli. Lakini yule mwanamke anaumia kwa sababu ya mguu wako, si kwa sababu ya mdomo wake. Wewe ndiye uliyekwenda kukaa pale."

Hilo lilimchoma kwa sababu alikuwa akiliwaza tangu siku ya kwanza. Chakula cha jioni walikila kila mtu akitazama sahani yake.

Kesho yake alikwenda kwa muuguzi mkuu, akamweleza. Muuguzi mkuu alimsikiliza, mikono imeshika kichwa.

"Mama, leo ukimsafisha mmoja, kesho mgonjwa gani atatuambia ukweli? Watataja hewa." Kisha akasema labda mwenyekiti wa mtaa anaweza kutangaza kwa jumla, kwamba majina hayatoki kwa majirani.

Mwenyekiti alikubali haraka, maana alipenda kipaza sauti. Alipita mitaani akitangaza watu wanawe mikono, wasikusanyike, wasiwachukie wafuatiliaji, wajue majina hayatoki kwa majirani. Yote hayo mazuri. Mwishoni, kwa nia njema kabisa, akaongeza la kwake: "Na yule fundi cherehani mwacheni afanye kazi zake."

Ikawa kama amemwaga mafuta ya taa motoni. Mtaa mzima ulipata ushahidi uliokuwa umebaki. Kama si yeye, mwenyekiti anamtetea kwa nini? Serikali haiwezi kumtetea mtu ambaye si wake. Jioni hiyo hata mwenye kibanda, mzee mpole ambaye hakuwahi kumsumbua fundi, alimwambia atafute pengine kabla watu hawajaharibu na ukuta.

Mama Mizani alibaki na mlango mmoja tu. Kila asubuhi alikuwa akimpigia Unga kumwuliza hali, kwa sababu kazi ilitaka hivyo. Siku hiyo, baada ya kuandika joto la mwili, hakukata simu.

"Mwanangu, kuna mtu anaadhibiwa kwa jina lako." Akamweleza yote, kibanda, vitambaa, mchanga.

Unga alikohoa. "Nikitoka nitasema."

"Lini?"

"Mama, sijui kama nitatoka. Kitanda cha pili kutoka kwangu wamefunika mtu leo."

Alitaka kumsukuma zaidi. Alikuwa na maneno yake tayari, makali, ameyapanga tangu alfajiri. Lakini alisikia jinsi kijana anavyovuta hewa, na maneno yakamwisha. Alimwambia anywe maji, alale kifudifudi kama walivyomwelekeza. Alipokata simu aliona amewaangusha wote wawili.

Siku ya nane ya karantini alipiga simu kwa Mzee wa Mashine. Siku zote alijibiwa kwa ukali: hali yangu ni nzuri kuliko yako. Siku hiyo sentensi zilikuja vipande vipande.

"Niko... salama. Vumbi tu."

"Mashine imefungwa wiki nzima, kaka. Vumbi la wapi?"

Kilichosikika ni mluzi mwembamba wa kifua. Mama Mizani aliita gari kabla hajaweka simu chini, kisha akakimbia mwenyewe mpaka kwa muuguzi mkuu kuhakikisha linatoka. Walimkuta amekaa kitandani ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, midomo ya rangi ya jivu. Mkewe alikuwa akimpepea kwa mfuniko wa sufuria. Nje watu walisimama mbali, na gari lilipoondoka jicho la kila mmoja lilimwangukia Mama Mizani, kana kwamba yeye ndiye aliyeubeba ugonjwa kwenye faili na kumkabidhi.

Hospitali aliyopelekwa ndiyo ile ya Unga, na ilikuwa na jengo moja tu la kutengwa, na ndani ya jengo ukumbi mmoja wa wanaume. Mzee wa Mashine aliwekewa oksijeni. Siku ya tatu, macho yalipotulia, alimwona mtu amelala kitanda cha tatu, mwembamba, mweusi, ambaye sura yake aliijua lakini rangi yake hakuwahi kuiona. Ilimchukua muda kuelewa kwamba huyo ndiye mdogo wake, bila unga.

Yaliyosemwa baina yao Mama Mizani aliyasikia baadaye kutoka kwa Unga mwenyewe.

"Mota umeipata?" kaka alimwuliza, akiwa na bomba puani.

"Kaka, ni mimi niliyekutaja."

Mzee wa Mashine aligeukia ukuta. Alikaa hivyo siku nzima. Kesho yake ndipo alipozungumza, na hakutoa shukrani.

"Umewaambia wageni mimi naweza kufa," alisema. "Mimi mwenyewe hukuniambia."

Daktari alisema waziwazi kwamba mtu yule angechelewa siku moja nyumbani wangemletea maiti, lakini kaka hakutaka kulisikia. Ndugu hao walikaa ukumbi mmoja siku kumi wakipitishiana chumvi na magazeti kwa mkono wa mhudumu.

Katika siku hizo fundi cherehani alihama. Mama Mizani alikuwa zahanati. Aliporudi alimkuta mumewe amekaa kizingitini, shati limelowa jasho.

"Nimemsukumia mkokoteni," alisema. "Cherehani ni nzito, na mwenye mkokoteni alikuwa anaogopa kumgusa. Amepata chumba karibu na ghala za zamani, mtaa wa tano kutoka hapa."

"Amesema nini?"

"Amesema asante. Kwangu."

Mashine ilifunguliwa tena Unga alipopata nguvu, kaka yake bado akiwa nyumbani amekalia kiti. Foleni ilirudi ndefu kuliko mwanzo, wanawake wakiwa na furaha ya kuacha kwenda relini. Mama Mizani naye alikuwamo, na debe lake kama wengine, maana nyumba yake nayo inakula. Unga alisimama kizingitini kabla ya kuwasha. Uso wake ulikuwa bado haujapata vumbi, na watu walikuwa wakimtazama kama mgeni.

"Kabla sijawasha," alisema, "mjue kwamba aliyemtaja kaka ni mimi. Niliumwa, nikaenda kupimwa kwa siri, nikamtaja. Fundi hakuhusika. Fundi hakujua lolote."

Kisha mwanamke wa mbele akacheka, akampiga Unga begani kwa kanga yake.

"Kumbe ni wewe? Ungesema mapema tukupikie uji."

"Ya ndugu ni ya ndugu," alisema mwingine. "Sisi hatumo."

Na hivyo ndivyo walivyomaliza. Mtu wao alikuwa amepona, mashine ilikuwa imefunguka, na habari ilikuwa imegeuka kichekesho cha kusimulia. Mmoja alianza kuiga jinsi Unga alivyoaga kwenda kufuata mota. Mama Mizani aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Watoto wa karibu wote hao aliwapima yeye. Akajisikia akizungumza, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa.

"Na mchanga nani aliumimina?"

Kicheko kilikatika. Kila mtu alitazama debe lake. Unga, kwa kutojua afanye nini, akawasha mashine, na mngurumo ukafunika kila kitu.

Jumapili Mama Mizani alikwenda kwenye zile ghala za zamani. Fundi alizungumza naye mlangoni. Alikuwa amekwisha kusikia habari za Unga. Hakusema karibu.

"Ungeniambia hata mimi peke yangu," alisema. "Nisiwaambie watu. Ili nijue tu kwamba kuna mtu anajua."

"Nilikuwa najua kwamba si wewe. Hilo ulilijua."

"Hukulisema, dada. Ulisema pole. Pole huambiwa hata mwenye kosa."

Mama Mizani alifikiri juu ya hilo njia nzima ya kurudi. Ilikuwa kweli. Uani siku ile, mbele ya shuka na kamba, hapakuwa na mtu wa tatu ila mume dirishani. Angeweza kumshika mkono, akamwambia najua hujafanya. Lakini kanuni ilikuwa imemkaa mpaka kwenye vidole, akawa amefunga hata mlango ambao hakuna aliyemwamuru aufunge.

Alikwenda tena Jumapili iliyofuata, akalisema neno hilo pale pale mlangoni, kwa kuchelewa kwake: "Nilijua hujafanya. Nilipaswa kukuambia hivyo." Fundi alitikisa kichwa taratibu, akasema ana kazi nyingi. Mara ya tatu alimletea kitambaa cha mapazia. Fundi alikipokea, akakipima, akamtolea kigoda akae wakati anaandika. Waliongea habari za binti, ambaye kwenye shule mpya amepata mwenzake wa dawati. Cherehani ilikuwa imesafishwa na mtengeneza cherehani mara mbili, lakini ikikanyagwa bado ilikuwa na kijisauti.

Miezi saba baadaye homa ilirudi, ikiwa nyepesi zaidi, na muuguzi mkuu akamwita tena. Mama Mizani aliomba siku moja ya kufikiri. Mumewe alimwambia akatae, safari hii kwa maneno mazito bila utani. Lakini alimkumbuka Mzee wa Mashine ameshika fremu ya dirisha, akaenda kuchukua fulana.

Ila alijiwekea sharti ambalo hakumweleza mtu. Muda wote wa kazi hiyo hakukaa kibarazani kwa mtu yeyote, hakusimama njiani na mtu kuzungumza, hakucheka na muuza mboga, wala hakuinamia daftari mbele ya macho ya watu. Kwa fundi hakwenda kabisa. Mapazia mengine aliyoagiza alimtuma mumewe kuyachukua. Alitoka nyumbani akabisha mlango aliopangiwa, akamaliza, akarudi. Watu walimwona akipita peke yake, macho mbele, wakasema Mama Mizani siku hizi ana maringo.